Mkuku ndio unaobeba: namna ya kukigadimu chombo nchi kavu

Ukipita pwani ya Nungwi, Mkokotoni, Malindi au Kizimkazi wakati wowote wa mwaka, hukosi kuona mashua au jahazi limesimama mchangani, limezungukwa na miti iliyoegemezwa ubavuni. Mpita njia huona miti tu. Mwenye chombo huona mali yake yote: mbao, misumari, injini, na riziki ya mabaharia watano au kumi pamoja na familia zao.

Miti ile mabaharia wanaiita magadi, na kazi ya kuiweka ni kugadimu chombo. (Si yale magadi ya jikoni.) Inaonekana kazi nyepesi, lakini chombo kikigadimiwa vibaya kinaweza kupinda mgongo, kuachia mbao, au kumwangukia mtu aliye chini yake. Makala hii inaeleza uzito wa chombo unakwenda wapi kikiwa nchi kavu, na hatua za kufuata tangu kupandisha hadi kushua.

Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: mkuku ndio unaobeba, magadi yanazuia kuanguka tu. Sehemu kubwa ya yaliyomo humu inatokana na hilo.

Kwa nini chombo kinapandishwa

Chombo cha mbao hakiwezi kukaa majini mwaka mzima bila kuguswa. Chini ya maji huota majani, hushika kome na chaza wadogo, na chombo kinakuwa kizito hata upepo ukiwa mzuri. Baya zaidi ni yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao kwa ndani. Kwa nje unaona tundu dogo kama la sindano, kumbe ndani ubao umekuwa kama mkate.

Ndiyo maana wazee waliweka desturi ya kukwangua chini, kuchoma majani kwa moto wa makuti, kuziba nyufa kwa kalafati ya pamba, kisha kupaka deheni ya chokaa na mafuta. Leo wengi wanatumia rangi ya dukani, lakini kazi yenyewe ni ile ile na haifanyiki chombo kikiwa ndani ya maji. Hata mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar akitaka kujua hali ya mbao za chini, lazima azione.

Zamani watu wa mjini hawakwenda mbali. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo ulipita mkono wa bahari, na vyombo viliingia humo maji yakijaa na kupwelewa maji yakitoka, mafundi wakapata nafasi ya kufanya kazi. Mkono ule ulifukiwa katika karne iliyopita, na juu yake leo ipo barabara ya Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Jina la Darajani limebaki kutukumbusha kuwa watu walikuwa wakivuka maji hapo. Siku hizi kazi kubwa ya kuunda na kutengeneza vyombo vya mbao hapa Unguja inaonekana zaidi kaskazini, hasa Nungwi.

Majini na nchi kavu

Chombo kikielea, maji yanakisukuma juu kutoka kila upande wa tumbo lake. Hakuna ubao mmoja unaobeba kuliko mwengine sana, kwa sababu maji yamekikumbatia chote, mfano wa mtoto aliyebebwa kwa mbeleko.

Maji yakitoka, mbeleko imefunguliwa. Uzito wote unashuka kwenye kile kinachogusa chini, na katika chombo chetu hicho ni mkuku, ule mti mrefu unaokwenda kutoka omo hadi tezi na ambao mataruma, yaani mbavu za ndani, yamejengwa juu yake. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Fundi anauweka wa kwanza anapounda, akiulaza juu ya magogo na kuunyoosha kwa uzi, kwa sababu mkuku ukianza umepinda, chombo kizima kitapinda.

Kwa hiyo chombo kinapopandishwa tunakirudisha katika hali ile kilipozaliwa: mkuku juu ya magogo, umenyooka, umeshikwa kila sehemu.

Tuchukue mfano. Mashua ina uzito wa tani 4 na mkuku wa mita 6. Ukiweka magogo manne yaliyolingana sawasawa, kila gogo linabeba karibu tani 1. Ukiweka mawili tu, moja omo na moja tezi, kila moja linabeba tani 2 na katikati, penye injini na uzito mwingi, hapana kitu. Siku ya kwanza huoni lolote. Baada ya wiki kadhaa katikati panashuka. Ukiweka gogo la katikati peke yake likawa juu kuliko mengine, mambo yanageuka: omo na tezi ndizo zinazoning'inia, na chombo kinajikunja kama upinde ulioinamishwa.

Chombo kilichopinda hivyo mabaharia wanasema kimevunjika mgongo. Mishono ya mbao inafunguka, misumari inalegea, usukani haukai sawa, na hata ukitia kalafati mara tatu kitaendelea kuvuja. Kukinyoosha tena ni kazi ngumu na ghali, na mara nyingine haiwezekani.

Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Maji ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku wakati unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji makuu na maji ya chini hufikia karibu mita 4. Wakati wa maji mafu ni mita 1 na kidogo tu. Bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu.

Ukitaka kupandisha chombo juu, unangoja bamvua. Lakini angalia mtego huu. Ukikipandisha kileleni mwa bamvua kubwa, maji ya siku zinazofuata yatakuwa madogo na hayatakifikia. Utangoja wiki mbili hadi bamvua jengine, na kama hilo ni dogo, utangoja zaidi. Mabamvua makubwa kuliko yote ya mwaka huja karibu na miezi ya Machi na Septemba. Aliyepandisha kwa maji hayo anaweza kukaa miezi kadhaa bila kuona maji ya kumtoa, na hapo itabidi kuita watu na kamba.

Kwa hiyo jiulize kwanza: nataka nini? Kama ni kukwangua na kupaka rangi, pandisha siku mbili au tatu kabla ya kilele cha bamvua, ili maji ya siku zinazofuata yawe makubwa zaidi na yakitoe. Kama ni kukiweka miezi, mathalani kupitisha masika, basi kilele cha bamvua ndicho unachokitaka, kwa sababu unataka maji yasikifikie tena.

Kabla ya hapo zungumza na bwana diko. Yeye anajua mahali gani mchanga unahama, wapi pana mwamba chini, na chombo cha nani kinasubiri kushuliwa njia ile ile.

Chagua mahali

Mchanga mgumu ni mzuri. Mchanga laini uliochimbwa na kaa ni mbaya, na matope ya karibu na mikoko ni mabaya zaidi. Mwamba ulionyooka unabeba vizuri, ila mwamba wenye nundu unaweza kutoboa.

Chunguza kwa mti. Uchome chini kwa nguvu mahali ambapo kila gogo na kila gadi litakaa. Ukizama shubiri moja hapa na nusu mkono pale, basi ardhi hiyo haitabeba sawa. Ondoa mchanga laini, au weka ubao mpana chini ya gogo.

Ubao huo usiudharau. Gogo lenye uso wa sentimita 20 kwa 30 likibeba tani 1 linabana mchanga kwa nguvu kubwa. Ubao wa mita 1 kwa sentimita 40 chini yake unatawanya uzito ule ule kwenye eneo karibu mara saba. Ni kama mtu anayepita matopeni: kwa miguu mitupu anazama hadi magotini, akitandika ubao anapita.

Kulaza ubavu au kusimamisha

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukilaza ubavu: unakiacha chombo kipwelewe, kinalala upande mmoja, mnakwangua na kupaka upande wa juu. Maji yakija kinaelea, mnakigeuza, na maji yakitoka mnafanya upande wa pili. Mashua ndogo yenye tumbo la duara inastahimili njia hii kwa siku moja au mbili, na haihitaji magadi.

Ina masharti yake. Chombo kiwe kitupu kabisa. Mifuko 100 ya saruji ya kilo 50 ni tani 5, na uzito huo ukiegemea ubavu mmoja mbao zitaachia. Mahali pawe laini na bila mawe. Tena kilazwe kwa utaratibu, kwa kamba ya mlingotini inayoshikwa na watu, si kuachiwa kianguke chenyewe. Upande wa juu uelekee nchi kavu, ili mawimbi yanaporudi yakute tumbo la chombo na si uwazi wake.

Njia ya pili ni kukisimamisha juu ya mkuku na kukigadimu. Hii ndiyo njia ya chombo kikubwa, cha chombo chenye injini nzito, na cha chombo chochote kitakachokaa zaidi ya siku chache.

Hatua ya kwanza: magogo ya mkuku

Magogo yanapangwa kabla chombo hakijakaa. Vigogo vya mnazi vinatumika sana kwa sababu vinapatikana na haviumizi mkuku. Mbao nene za zamani zilizopangwa kwa kupishana pia ni nzuri. Matofali na mawe ya matumbawe usiyaamini, maana yanapasuka ghafla bila kutoa ishara.

Weka gogo la kwanza karibu na tezi, la mwisho pale mkuku unapoanza kupanda omo, na mengine katikati. Masafa kati ya gogo na gogo yasizidi mita 2. Chini ya injini, na chini ya mlingoti, weka gogo la ziada, kwa sababu hapo ndipo uzito ulipo.

Urefu wa magogo uwe wa kumwezesha fundi kufika chini ya mkuku, lakini usipandishe juu kupita haja. Kila unapokiinua, kinazidi kuwa chepesi kuanguka. Sentimita 40 hadi 60 zinatosha kwa kazi nyingi.

Sasa lingana. Vuta uzi kutoka gogo la mwanzo hadi la mwisho na hakikisha yote yanaugusa. Linalopungua lijazwe kwa ubao, na nafasi ndogo kwa kabari mbili zinazokutana, moja kutoka kila upande. Kabari moja peke yake inainamisha, mbili zinainua sawa. Kama mkuku wenyewe una mpindo wake wa kuundwa, fuata umbo lake, usiulazimishe kunyooka.

Hatua ya pili: magadi

Chombo kikiwa kimekaa juu ya magogo, kisimamishe wima. Tumia timazi: funga jiwe kwenye uzi na uuning'inize katikati ya omo, kisha katikati ya tezi. Uzi ukilingana na mstari wa kati, kimesimama.

Chagua miti iliyonyooka, mizima, unene wa paja la mtu. Boriti za mikoko ni imara, lakini mikoko haikatwi ovyo, kwa hiyo tumia za zamani au mti mwengine kama mvinje. Gadi lenye ufa au lililoliwa na mchwa litie jikoni.

Weka magadi kwa jozi, moja kulia na jengine kushoto, yakitazamana. Hata mashua ndogo iwe na jozi tatu: moja karibu na omo, moja katikati, moja karibu na tezi. Jahazi linahitaji zaidi. Sababu ni nyepesi: ukiwa na jozi mbili, gadi moja likiteleza chombo kimekwisha. Ukiwa na jozi tatu, lililobaki linakupa nafasi ya kuokoa.

Kichwa cha gadi kiguse mahali penye taruma kwa ndani. Gonga ubavu kwa ngumi na usikilize. Penye taruma sauti ni nzito, penye ubao mtupu sauti inalia kama ngoma. Gadi likisukuma ubao mtupu litaupinda au kuutoboa. Kati ya kichwa na ubavu weka kipande cha ubao kinachovuka mataruma mawili, na nyuma yake gunia au makumbi ya nazi.

Mguu wa gadi utoke nje kidogo, usiwe wima kabisa wala usilale. Ukiwa wima haukizuii chombo kwenda ubavu, ukilala sana unateleza. Chini yake weka ubao, na nyuma ya ubao piga kigingi. Kisha funga kamba kutoka mguu wa gadi la kulia hadi mguu wa gadi la kushoto, ipite chini ya chombo. Kamba hiyo inazuia miguu isitawanyike, na ni ndogo kwa gharama kuliko kitu chengine chochote katika kazi hii.

Kaza kwa kabari pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo. Fundi mmoja kulia, mwengine kushoto, wanagonga kwa zamu. Gadi likaze hadi lishike, lisikaze hadi liinue. Ukiona mkuku umeachana na gogo hata kwa unene wa karatasi, legeza, maana uzito umeanza kuhamia ubavuni na hapo si mahali pake.

Kitanda cha kudumu

Mwenye chombo kinachopandishwa kila mwaka anaweza kutengeneza kitanda cha mbao au cha chuma. Kitanda ni magogo na magadi yaliyounganishwa kuwa kitu kimoja: miti miwili mirefu chini, mitatu au minne ya kukingama inayobeba mkuku, na nguzo fupi kila upande zenye mito ya kushika tumbo la chombo.

Faida yake ni kwamba miguu haitawanyiki na vipimo havibadiliki. Hasara yake ni kwamba kinafaa chombo kimoja tu. Umbo la mito lichukuliwe kwenye chombo chenyewe, kwa kukunja fito au kukata boksi la karatasi penye kila taruma. Kitanda cha mashua ya jirani kitagusa mahali pasipo pake.

Kanuni ni ile ile. Mkuku ukae kwanza kwenye miti ya kukingama, ndipo mito isogezwe hadi iguse. Ukikuta chombo kimekaa juu ya mito na mkuku unaelea, kitanda hicho kimekosewa.

Boti za faiba na mashua za michezo

Miaka ya karibuni boti za faiba zimeongezeka katika madiko yetu chini ya sera ya Uchumi wa Buluu. Faiba haifunguki mishono na hailiwi na mdudu, kwa hiyo wengi wanadhani inaweza kukaa popote. Si kweli. Ukuta wake ni mwembamba, na gadi linalosukuma mahali pamoja linaubonyeza hadi ndani pakapasuka. Tumia ubao mpana wenye mto, na ugonge kusikia penye ukuta wa ndani. Boti ya faiba isiyo na mkuku uliojitokeza iwekwe juu ya magurudumu ya tairi kuukuu au mito mirefu inayokwenda kwa urefu wa boti, si juu ya mawe mawili.

Mashua za matanga za kizungu, zile zinazokuja na watalii, nyingi zina mkuku mfupi ulioshuka chini kama pezi la papa, wenye chuma au risasi ndani yake. Uzito wa mashua nzima unakaa juu ya pezi hilo. Huko kwao huwekwa kwenye vitanda vya chuma, na miguu ya pande mbili hufungwa kwa mnyororo ili isiachane, jambo lile lile tunalofanya kwa kamba. Kwa kuwa pezi ni fupi na mashua iko juu sana, hatari ya kuanguka ni kubwa kuliko jahazi letu lenye mkuku mrefu. Ukiombwa kuipandisha, uliza kwanza umbo la chini, na usikubali kuifanya kwa kukisia.

Ngalawa ina hesabu yake. Ni gogo lililochongwa, watu wanainua kwa mikono. Iweke juu ya magogo mawili yaliyo chini ya mahali miti ya matengo imefungwa, na matengo yenyewe yasibebe uzito.

Jua, mvua na upepo

Chombo kilichogadimiwa vizuri Jumatatu kinaweza kuwa hatarini Ijumaa, kwa sababu hali ya nje inabadilika.

Jua linakausha mbao na kufungua mishono. Jenga kivuli cha makuti, na mwagia maji ya bahari ndani asubuhi na jioni. Maji mengine yanabaki kwenye ngama, yachote.

Mvua ya masika ni hatari isiyoonekana. Ngama yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1 ikijaa maji kwa kina cha sentimita 25, umeongeza tani 1 juu ya magogo, tena maji hayo yanakimbilia upande mmoja chombo kikiinama kidogo. Fungua kizibo cha chini, na ukifunge kwenye usukani kwa kamba ili usikisahau siku ya kushua. Mvua pia inachimba mchanga chini ya mbao za magadi. Chimba mfereji mdogo wa kupitisha maji pembeni.

Upepo wa kusi unasukuma ubavu mzima kama tanga. Teremsha tanga na foromali, na kama chombo kitakaa miezi, ng'oa mlingoti. Elekeza omo au tezi upande wa upepo. Kisiwa chetu kinakumbuka kimbunga cha Aprili 1872 kilichovunja vyombo bandarini na kuangusha minazi na mikarafuu, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita jirani yetu hadi safari za boti za Dar es Salaam zikasitishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, nasi tunazisoma redioni. Ukisikia tahadhari, usiende kuangalia nanga peke yake. Nenda ukakaze na kabari.

Usalama wa watu

Mbao zinanunuliwa, mtu hanunuliwi. Yafuatayo yasivunjwe:

- Asiingie mtu chini ya chombo kabla magadi yote hayajakazwa pande zote mbili.
- Gadi lisitolewe ili kupaka rangi nyuma yake kabla gadi jengine halijawekwa pembeni na kukazwa. Litolewe moja tu kwa wakati mmoja.
- Watu wakiwa juu ya chombo, wasiwepo walio chini. Watu wanne wakisogea upande mmoja ni zaidi ya kilo 250 zinazohama.
- Usifunge kamba ya turubai au ya kuanikia nguo kwenye gadi. Upepo ukivuta turubai, gadi linafuata.
- Watoto wasicheze chini ya chombo. Kivuli chake kinawavuta, kwa hiyo waambieni, na wekeni kamba ya kuzunguka.
- Maji yakijaa hadi kwenye mkuku, tokeni. Chombo kikianza kuelea, magadi yanalegea na kuanguka bila utaratibu.

Kila asubuhi

Kazi hii ni ya dakika 10. Zunguka chombo mara moja. Gonga kila kabari: iliyokaza inalia kavu, iliyolegea inatikisika. Angalia kama mbao za chini zimezama upande mmoja. Tazama timazi ya omo na ya tezi. Simama mbali kidogo kwa upande, uangalie mstari wa juu wa chombo kama bado ni ule ule. Kama kuna mlango wa chumba ambao jana ulifunga vizuri na leo unabana, chombo kinajipinda: tafuta gogo lililozama.

Ukikuta gadi limelegea, usikimbilie kulikaza. Kwanza jua kwa nini limelegea. Mara nyingi si gadi, ni gogo la mkuku lililoshuka upande huo, na ukikaza gadi utakuwa unaubebesha ubavu uzito wa mkuku.

Siku ya kushua

Tia kalafati, rudisha kizibo, na mwagia maji ndani siku mbili au tatu kabla ili mbao zianze kuvimba. Siku yenyewe ngoja maji yafike, na toa magadi kwa jozi, ukianzia omo na tezi na kumalizia katikati, kila moja likishikwa na mtu na kamba ikiwa tayari mlingotini au kwenye nanga. Kama maji hayafiki, chombo kinatelezeshwa juu ya magogo, na hapo ndipo unapoona Nungwi watu wa kijiji kizima wakivuta kamba kwa wimbo mmoja. Anayeongoza awe mmoja tu. Sauti mbili zimeangusha vyombo vingi.

Kikishaelea, usiondoke nacho. Kiache kwenye nanga angalau usiku mmoja mbao zishibe maji, na mtu abaki ndani akiangalia ngama. Kuvuja kidogo siku ya kwanza ni kawaida, lakini siku ya pili kupungue. Kisipopungua, rudi kwenye mkuku na mishono iliyo karibu nao, ndiko pa kuanzia kutafuta.

Kwa ufupi

Ardhi ngumu na mbao pana chini. Magogo ya mkuku yaliyolingana kwa uzi. Magadi kwa jozi, kwenye mataruma, yamefungwa kwa kamba miguuni. Kizibo wazi, tanga chini, na mzunguko mmoja kila asubuhi. Fundi wa diko lako anaweza kuwa na namna yake inayotofautiana na hii kidogo kwa sababu ya mchanga wa kwenu, naye msikilize. Ila akikuambia ukaze gadi ili libebe, muulize: na mkuku umekaa wapi?